Kidole cha Sita Nacho Huoshwa



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyetuumba bila kututaka shauri na anayeturuzuku bila kutudai. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake, masahaba zake, na kila mwenye kufuata nyayo zao kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama baada ya hayo: nauusia moyo wangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, ndugu zangu wa Minago, pamoja na wageni wetu wa Rumonge na Magara mliokutwa na Ijumaa hapa kwetu. Tumche Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu zangu, mada ya leo ni paka. Nawaona wazee mnatazamana. Vumilieni kidogo, maana jambo hili linaanza kwa paka na linaishia kwenye damu ya mwanadamu.

Sisi watu wa ziwani hatuwezi kujifanya hatumjui paka. Panapoanikwa ndagala, dagaa wetu, yupo. Panapopasuliwa samaki wa mukeke, yupo, tena amewahi kufika. Usiku akina baba wako majini na boti zao za apollo na taa zao, naye kabaki nyumbani akiulinda unga na panya. Paka wa kawaida ana vidole 18: vitano katika kila mguu wa mbele, vinne katika kila mguu wa nyuma. Lakini hutokea akazaliwa mwenye sita au saba katika mguu mmoja. Kule Key West, Marekani, katika nyumba aliyoishi mwandishi Ernest Hemingway, ambayo siku hizi ni makumbusho, wanafugwa paka wapatao 60, na karibu nusu yao wana vidole vya ziada. Huko Canada alikuwako paka aitwaye Jake. Mwaka 2002 daktari wa mifugo alimhesabu akampata na vidole 28. Wenzetu wanatoa pesa mfukoni kwenda kuwatazama paka wale wa Key West.

Je, paka wa namna hiyo akizaliwa hapa kwetu, tena chini ya kitanda cha mwanamke mwenye mimba, tutasema nini? Wa kwanza atasema, "Hiki si kitu cha bure." Wa pili atasema, "Kimetumwa." Wa tatu hatasema kitu, ataanza kutafuta gunia na jiwe, na njia ya ziwani anaijua. Na mama mwenye nyumba, ambaye mimba yake imefika mwezi wa nane, atalala na hofu ambayo Mungu hakumpa. Miezi ikipita mama akajifungua kwa shida, watu watakumbuka paka. Mtoto akizaliwa na kidole kidogo pembeni ya mkono, watu watasema, "Si tulisema?"

Ndugu Waislamu, tulisema nini, na tulikitoa wapi?

Fungueni Msahafu, Suratul Faatir, aya ya kwanza kabisa. Mola wetu anatupa habari za malaika, kwamba amewajaalia mbawa, wapo wa mbili, wapo wa tatu, wapo wa nne. Kisha anatufahamisha kwamba Yeye huongeza katika uumbaji lile alitakalo. Tazameni mahali alipoliweka neno hilo la kuongeza. Ameianza sura nalo, ndani ya kumhimidi, katika sifa zake. Hakulitaja katika habari za adhabu ya watu waovu. Basi anayekiona kidole cha ziada akasema "laana", ajue kwamba amekichukua kitu ambacho Mola amejisifia kwacho, akakiita kwa jina la ghadhabu yake.

Pengine mtu ataniambia: sheikh, hayo ni ya malaika, sisi tunazungumza habari za paka na watoto. Vizuri. Basi sikilizeni kisa walichokipokea Bukhari na Muslim. Bwana mmoja wa kabila la Fazara alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Hakutamka zaidi, lakini maneno yake yalikuwa na mkia: alikuwa anamshuku mkewe. Mtume hakumgombeza wala hakumpeleka kwa mtazamia. Alimuuliza kama ana ngamia. Akajibu anao. Wana rangi gani? Wekundu. Hakuna wa kijivu kati yao? Yuko. Huyo wa kijivu katokea wapi? Yule bwana akafikiri, akasema huenda kuna asili ya nyuma iliyomvuta. Basi Mtume akamwambia kuwa na mwanawe vilevile, huenda kuna asili iliyomvuta.

Subhanallah! Mtu kaja na shaka iliyotaka kubomoa nyumba, akatulizwa kwa mnyama aliyemfuga mwenyewe. Mtume alimrudisha zizini kwake, akamwacha ajijibu kwa mdomo wake. Ndiyo maana sikuona aibu leo kupanda mbele yenu na habari za paka. Mwarabu wa jangwani alijifunza kwa ngamia wake. Mtu wa Minago na ajifunze kwa paka wake.

Na wataalamu wa elimu ya urithi wamelichunguza hasa jambo hili, kwa paka wale wa Key West na kwa paka wa Uingereza. Wameona kwamba ndani ya mwili yamo maagizo, mfano wa maandishi, ambayo mtoto huyapokea kwa wazazi wake. Katika paka hao kuna mahali ambapo herufi moja tu ya maandishi hayo imebadilika. Mahali hapo hapajengi kidole. Kazi yake ni kuamrisha wapi vidole vianze na viishie wapi, wakati mguu unachipua tumboni. Amri ikienda kidogo upande wa pili, kidole kinaongezeka. Mzazi mmoja tu akiwa na herufi hiyo iliyobadilika, awe dume au awe jike, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Na binadamu naye ana mahali hapohapo katika mwili wake. Pakibadilika, mtoto huzaliwa na kidole cha ziada upande wa gumba. Kwa watoto wetu wa Kiafrika kidole cha ziada mara nyingi hutokea pembeni ya kidole cha mwisho, na huonekana kwetu zaidi kuliko kwa watu wa mabara mengine. Hicho nacho mara nyingi hutembea katika ukoo: babu alikuwa nacho, shangazi alikuwa nacho, ila kilikatwa utotoni na hakuna aliyesimulia.

Basi wewe mume unayemwambia mkeo, "Umeniletea mkosi nyumbani," kaa chini uulize kwanza habari za kwenu. Pengine asili iliyomvuta mtoto imetoka kwako.

Sasa tuje kwenye sheria, maana Mwislamu halali usingizi mpaka ajue sheria imesema nini. Mtu mwenye vidole sita akitawadha, afanye nini na kile cha sita? Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu katika nchi hizi, wamelijibu swali hilo bila kigugumizi: kidole kilichoota mahali pa kuoshwa ni wajibu kuoshwa. Akikiacha kikavu, udhu wake haukutimia, na asiye na udhu hana swala. Mtume alipomfundisha Laqit bin Sabira, Mungu awe radhi naye, kutimiza udhu na kupitisha maji kati ya vidole, hukumu hiyo inakiingia na kidole cha sita pamoja na ndugu zake. Tena sheria imekwenda mbele. Katika fidia, vidole vya mkono vimewekwa sawasawa, kila kimoja ngamia kumi, gumba na cha mwisho havipitani. Kile cha ziada hakikuwekewa kiwango hicho, lakini mtu akikikata kwa dhulma haendi hivihivi. Kadhi atakadiria, naye atalipa.

Mmeyasikia hayo? Maji ya udhu hukifikia. Hukumu ya kadhi hukilinda. Mwenye nacho husimama safu ya mbele, huwaswalisha watu akiwa ndiye msomi wao, huoa, huolewa, hurithi. Sheria ya Mungu imekihesabu kidole kile. Sasa wewe uliyeketi barazani umepata wapi ruhusa ya kukifanya jini?

Ndugu zangu, jina la ugonjwa huu katika dini yetu ni tiyara, yaani kupiga mkosi: kuona kiumbe au jambo, ukakata shauri kwamba limeleta shari. Ni ugonjwa mkongwe. Watu wa Firauni walimpachika Musa mikosi yao. Thamudi walimpachika Saleh. Na watu wa mji unaotajwa katika Suratu Yaasin waliwaambia mitume waliotumwa kwao kuwa wanaona mkosi kwao, wakajibiwa kuwa mkosi wao wanao wenyewe. Mtume wetu aliuhesabu upigaji mikosi kuwa ni katika shirki. Naye alitufundisha kwa vitendo pia. Mwaka wa kumi wa Hijra alifiwa na mwanawe mdogo Ibrahim, na siku hiyohiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Mgonjwa wa sifa angenyamaza, maana maneno yalikuwa yanampamba. Yeye, na msiba wake kifuani, alisimama akawaambia kwamba jua na mwezi ni katika alama za Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Ikiwa jua halikumpigia Mtume wa Mungu alama, paka wako anakupigia alama wewe kwa cheo gani?

Na sisi Waswahili tusiwacheke Thamudi. Huko pwani, zama za nyuma, mtoto aliyeanza kuota meno ya juu aliitwa kigego, akahesabiwa nuksi, na katika baadhi ya makabila watoto wa namna hiyo waliuawa. Meno tu! Kila mtoto huota meno. Huyu aliota ya juu kabla ya ya chini. Mwenyezi Mungu, katika Suratut Takwiir, ametukumbusha siku ambayo mtoto wa kike aliyezikwa hai ataulizwa aliuawa kwa dhambi gani. Na huyu wa meno naye ataulizwa. Jibu la waliomuua litakuwa nini?

Hapa nataka mnisikilize sana, hasa nyinyi ndugu zangu wavuvi. Wengi wetu tunadhani shirki ya mikosi ni kuogopa tu, na kwamba anayeona bahati hana kosa. "Sheikh, sisi hatumtupi yule paka, sisi tunasema ataleta samaki." Ndugu yangu, hiyo ndiyo hatari zaidi. Anayeogopwa hukimbiwa. Anayedhaniwa kuwa ni utajiri huwindwa.

Ushahidi tunao, tena wa nchi hii. Mwaka 2008 na 2009 watu wenye ualbino, Warundi wenzetu, waliuawa upande wa Ruyigi. Hawakuuawa kwa sababu walichukiwa. Waliuawa kwa sababu mtu alisema mwili wao ni mali. Viungo vyao vilikatwa ili vivushwe mpaka kwenda Tanzania, vikauzwe kwa waganga wanaoahidi utajiri. Julai 2009 mahakama ya Ruyigi iliwatia hatiani watu kadhaa, na mmoja wao akapewa kifungo cha maisha. Na kule Ziwa Viktoria, Tanzania, ziliripotiwa habari za wavuvi walioambiwa kwamba nywele za mtu mwenye ualbino zikisokotwa wavuni, samaki watajaa. Mvuvi mwenzako huyo, mwenye wavu kama wako na deni kama lako, aliambiwa hivyo, akaamini.

Na ualbino nao ni asili iliyomvuta mtoto. Safari hii huwa wameichangia wazazi wote wawili, kila mmoja kaibeba kimya bila ngozi yake kuonyesha. Baba anayemkimbia mama kwa sababu ya mtoto huyo anakimbia kitu ambacho nusu yake ni chake.

Njia ya kufika kwenye panga ni fupi kuliko tunavyodhani. Inaanza na neno jepesi ufukweni, "Huyu si wa kawaida." Halafu, "Ana kitu." Halafu anapatikana mpfumu, yaani mpiga ramli, wa kueleza kitu hicho ni nini na faranga ngapi. Toka paka mpaka mtoto wa jirani, wapiga ramli wanatumia kitabu kimoja. Ndiyo maana Mtume alifunga mlango mapema: amesema kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala zake za siku 40 hazikubaliwi. Kuuliza tu! Bado hajaamini, bado hajatoa hata faranga moja.

Mvuvi atasema: basi nifanye nini, wavu umekuja mtupu wiki nzima na watoto wanangoja? Nakuhurumia, na ziwa limekuwa gumu kwa wote. Mtume ametupigia mfano wa ndege: huondoka asubuhi na tumbo tupu, hurudi jioni limeshiba. Ndege yule huruka, hakai kiotani akingoja. Basi wewe nenda, tega, shona wavu, heshimu miezi ya kuacha samaki wazaane, mwombe Mola wako. Na moyo ukishtushwa na paka, au na bundi, au na mtu uliyekutana naye alfajiri, usirudi nyumbani. Mtume ametufundisha kumwambia Mungu kwamba hakuna kheri ila kheri yake. Sema hivyo, sukuma boti. Ibn Masud, Mungu awe radhi naye, alikiri kuwa mioyo yetu sote huguswa na mambo haya, lakini kumtegemea Mungu huyaondoa.

Na kwa kuwa nimemtaja Ibn Masud, siku moja upepo ulimpeperushia nguo, miguu yake ikaonekana, myembamba kweli. Waliokuwapo wakacheka. Mtume akawaambia kwamba miguu ile, katika mizani ya Kiyama, ni mizito kuliko mlima Uhud. Tangu siku ile, nani wa kuupima mguu wa kiumbe kwa macho?

Ndugu zangu, msitoke hapa na machozi tu. Tokeni na kazi.

Mtoto akizaliwa na kidole cha ziada, muadhinieni sikioni, mpeni jina jema, mchinjieni akika mkiwa na uwezo, kama mnavyomfanyia mwingine yeyote. Asifichwe. Wala asiwepo bibi wa kukifunga uzi kidole hicho usiku ili kidondoke. Nawaheshimu mama zetu, wamezalisha wengi, lakini uzi huo huozesha, huleta damu na maradhi kwa kitoto kichanga, na mara nyingine ndani ya kidole umo mfupa. Mpelekeni kituo cha afya. Daktari atatazama kidole, na atautazama mwili mzima, kwa kuwa pengine kidole hicho huja pamoja na jambo jingine linalotaka tiba. Tangu mwaka 2006 serikali yetu imeweka kwamba watoto walio chini ya miaka mitano watibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Kikiwa kinamuumiza au kinamzuia kazi, wanazuoni wameruhusu kiondolewe kwa tiba. Kisipomdhuru, kiacheni, na akitawadha akioshe.

Paka akizaliwa na vidole vya ziada, haki yake ni ya paka yeyote. Mnaijua habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Yule hakumtia guniani, alimfungia tu. Na mnajua kuwa Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji yake ya udhu anywe, akaeleza kwamba Mtume amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Mtazameni kucha za vile vidole vya pembeni: havigusi chini, kwa hiyo kucha hazisagiki, huweza kurefuka, zikajikunja, zikamchoma nyamani. Zikateni ncha. Huo ndio uganga wake wote.

Watoto wetu wakimwita mwenzao kwa kiungo chake, "vidole sita", "zeruzeru", "kiguru", wakatazwe papo hapo. Suratul Hujuraat imetuharamishia kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli, na mtoto hulipata jina hilo kwa mzazi kabla ya kulipeleka uwanjani. Mwenye ualbino akiwa darasani, mwalimu amkalishe karibu na ubao, maana macho yake huona kwa shida. Wazazi wamtafutie kofia na nguo ya mikono mirefu, kwa kuwa jua la ziwani linamuunguza vibaya. Na ukisikia mtu anaulizia habari zake kwa bei, usiseme si mambo yangu. Nenda kwa viongozi siku hiyohiyo.

Tuinue mikono. Ewe Mola wetu, uliyetuumba kwa namna uliyoitaka, turidhishe na ulichokiongeza na ulichokipunguza. Zitoe nyoyoni mwetu hofu za visivyodhuru na tamaa za visivyonufaisha. Wahifadhi watoto wetu wote, wanaofanana nasi na wasiofanana nasi. Warehemu waliouawa kwa dhulma katika nchi yetu, na utulize mioyo ya wazazi wao. Zibariki nyavu za wavuvi wetu kwa rizki ya halali, uwarudishe salama kila alfajiri. Utusamehe sisi, wazazi wetu na Waislamu wote, walio hai na waliotangulia. Amin.

Wenye kutaka kutia udhu, maji yapo nje. Pitisheni kati ya vidole, vyote. Kisha tunyooshe safu.